Nyasi za Las Vegas

Kwenye kiti cha mbele yangu, ndani ya basi la Las Vegas, mzee aliyepakata keki alikuwa akimlalamikia jirani yake. "Jiji limeharibika, mama. Wameng'oa nyasi zangu, wakanimwagia kokoto!"

Mwanamke, aliyevaa sare ya usafi ya kasino, alicheka. "Nyasi jangwani, mzee wangu? Maji ya kunywa yanatuishia, wewe unanywesha majani!"

"Nilizikata kila Jumamosi, miaka yote!"

"Na siku hizi Jumamosi unafanya nini?"

Mzee akaitazama keki kana kwamba ndiyo iliyomchongea. "Naenda kwa wajukuu."

Basi likasimama. Akashuka, akageuka mlangoni. "Lakini nyasi zangu nazitaka!" alifoka, watoto wawili wakiwa wameshamng'ang'ania miguuni.