Nduru Katikati ya Chai

Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana leo nina furaha nyingi kuliko pumzi. Natasha, mjukuu wangu, isogeze hiyo simu yako karibu na mdomo wangu. Naongea Kiswahili kwa ajili yako wewe uliyezaliwa Nairobi, usije ukasema nyanya aliongea Ekegusii mpaka mwisho na wewe ukabaki kutazama midomo. Ogeto, kifungua mimba wangu, acha kuangalia saa, duka lako la Keroka halitatoroka. Na wewe Kwamboka, binti yangu, toka huko jikoni uje uketi hapa miguuni pangu, kila mtu akuone. Shemeji Machogu, asante kwa kuja. Nilitaka shahidi mwenye masikio, hata kama yako yamebaki nusu.

Daktari alisema moyo wangu umechoka, nami nikamwambia basi nirudisheni Itumbe nikaketi nje nione chai. Sasa naiona! Tazameni kile kipande cha chini, karibu na mto. Nilipopelekwa hospitali kilikuwa visiki vitupu, Kwamboka alikuwa amekikata kwa mikono yake, na leo kimechipuka chote, kijani mpaka macho yanauma. Nilipokiona nikiwa kwenye gari nilipiga makofi kama mtoto, dereva akafikiri nimezidiwa.

Mnajua kwa nini kipande hicho kinanifurahisha hivyo? Nililetwa hapa kutoka Birongo nikiwa msichana wa kulima ndizi na wimbi, chai nimeiona kwenye kikombe tu. Siku moja nilikwenda kwetu kusalimia wazazi, nikarudi giza limeingia. Asubuhi nateremka mtoni na mtungi, nakuta chai yote ya chini imefyekwa. Nikasema moyoni, tumeisha, na aliyetumaliza ni huyu huyu Machogu, kwa sababu yeye na baba yenu walikuwa wamegombania mpaka wa shamba juma hilo hilo. Nikatua mtungi, nikasimama katikati ya visiki, nikapiga nduru! Watu walimiminika kutoka kila mlima, huyu na panga, yule na rungu, na mzee mmoja wa kanisa amevaa kiatu kimoja. Baba yenu naye, Mungu amlaze pema, akatoka na kisu cha kukatia chai mkononi akiuliza nani amekufa.

Ni yeye aliyeikata. Chai hukatwa kila baada ya miaka kadhaa ili ichipuke upya, kila mtu alijua isipokuwa bibi arusi wa Birongo. Machogu alicheka mpaka akaketi chini kwenye umande. Cheka tena shemeji, nakuruhusu! Ndiye aliyenibatiza Mama Nduru, na jina hilo likanifuata mpaka sokoni. Niliona aibu, nikataka kurudi kwetu kwa miguu. Halafu nikakasirika, na hasira ile ilinifaa kuliko machozi. Nilibeba kikapu nikamfuata mama mkwe kila alfajiri, nikajifunza kuchuma majani mawili na ncha yake na kuacha mengine, mpaka karani wa mizani akawa hapekui tena kikapu changu.

Baba yenu alipofariki, wazee walikuja kunishauri nani anirithi, nami nikawaandalia chai, nikawasikiliza mpaka mwisho, nikawaambia nimeshaolewa na shamba. Mwaka huo huo nilisimama katika mkutano wa wakulima, pale kituo cha majani, wanawake tukiwa tumeketi nyuma kwenye nyasi. Machogu akapaza sauti, "Mama Nduru anataka kutuitia nini leo?" Wakacheka wote. Nikasema, nataka kuwaitia lori linaloacha majani yetu yakinyauka mpaka jioni. Kicheko kikakatika. Nilipomaliza kuongea walinichagua niwe mwenyekiti wao, na wewe shemeji uliinua mkono, nilikuona. Tangu siku hiyo sikuwa na kinyongo nawe, ila sikukwambia, nilipenda kukuona ukihangaika.

Lakini siku iliyonikuza kabisa ni ya Kwamboka. Nipe maji kidogo, Natasha. Asante mama.

Kwamboka alirudi kutoka kwa mume wake na godoro kichwani na jicho limevimba. Alipita njia ya nyuma, kule migombani, akiinama ili majirani wasimwone. Nilimkuta mlango wa jikoni, akaniambia, "Mama, nifiche." Moyo wangu ulitaka kumfunika na kanga. Badala yake nikamwambia, chukua godoro lako, rudi mpaka barabarani, ingia kwa lango kubwa. Akalia. Nikalishika godoro upande mmoja, naye upande mwingine, tukazunguka mpaka barabarani, tukaingia langoni mchana kweupe huku nikisalimia kila mtu aliyesimama kutazama. "Bwakire buya! Binti yangu amekuja nyumbani!" Nilikuwa naogopa, wanangu, lakini pia nilikuwa nimejaa furaha isiyo na jina, kwa sababu siku hiyo nilipiga kelele nikijua ninachokisema.

Sasa njooni kwenye neno lenyewe. Nyumba hii na chai ya juu ni ya Ogeto. Mose, mdogo wake Ogeto, wewe una shamba la kule juu karibu na barabara, na tumeshaelewana. Kile kipande cha mtoni ni cha Kwamboka. Najua mila inavyosema, kwamba binti aliyerudi haketi ndani ya boma, na akifa azikwe nyuma ya ua, kule pembezoni ambako hakuna anayepalilia. Mimi nakataa. Mtoto niliyemwingiza kwa lango hatatolewa kwa nyuma. Ajenge pale, azeeke pale, na siku yake ikifika alale ndani, upande wangu.

Ogeto, umeanza tena kuangalia saa, na mimi ni mama yako, nakusoma. Serikali inaweza kuandika jina lake, lakini mimi nikishaondoka utakayeketi hapa ni wewe, na neno lako ndilo litakalomfukuza au kumweka. Siwezi kukulazimisha. Ile pale kwenye kopo ni miche ya mpaka, na jembe liko ukutani. Leo ni Jumapili, Sabato yetu ilikuwa jana, usiisingizie. Nataka mpaka wake upandwe kwa mkono wako, ami yako akitazama, nami nikiwa hai.

Anasimama. Mose, mpishe kaka yako njia. Msiseme kitu, mwacheni. Anakwenda... amelichukua? Natasha, niambie, macho yangu yana maji. Amelichukua! Ee Nyasae. Nenda naye shemeji, mwonyeshe mpaka, wewe mipaka unaijua.

Kwamboka, usilie bado. Machozi yako nina kazi nayo. Hapa, wa kwanza kulia ndiye anayetangaza msiba, na nikiondoka watataka aanze mwingine, mke wa fulani, mtu mwenye kwake. Hapana. Uanze wewe. Usilie jikoni wala nyuma ya ua. Teremka... nishike mkono... teremka usimame katikati ya chai yako, mahali niliposimama mimi, upige nduru mpaka Birongo wasikie. Watakuja. Mara hii hakuna atakayecheka.

Nyasae abasesenie, Mungu awabariki, wanangu wote. Awape... mvua. Awape wajukuu wenye sauti.

Ogeto, umerudi? Lete hiyo mikono. Usiinawe, mwanangu, niishike hivyo hivyo na udongo wake.