Data ya Ruqaiya Imekwama Ujerumani

— We Magid, unaitikisa simu yangu ili iweje? Imekuwa chupa ya dawa?

Ruqaiya alikuwa kwenye benchi la kahawa, kona ya mtaa wa Nalufenya, mguu wake uliovunjika, wenye plasta, ukiwa juu ya kreti ya soda. Kule Mbale, nyumbani kwa kaka yake, Shakira alikuwa anatambulishwa kwa wakwe; Shakira ambaye Ruqaiya ndiye aliyemlea. Shangazi mtu, badala ya kukaa mbele apigiwe magoti, alikuwa anakikodolea macho kiduara kinachozunguka kwenye kioo. Sherehe inarushwa Facebook, na Facebook ilishafungwa nchini. Bila VPN, ile programu ya kuipitisha simu nchi nyingine, huioni. Leo kila akiiwasha VPN, inazunguka tu, na intaneti yote imekufa. Simu ya Magid ni ya tochi. Ya Afande Geresom, askari jela mstaafu aliyeketi pembeni, iko kwa fundi.

— Tatizo ni nchi, alisema Magid, ambaye kijiwe kilimwita Injinia kwa sababu aliwahi kuuza chaja. — VPN imekupeleka Ujerumani. Kule leo sikukuu. Wamefunga.

— Wamefunga intaneti?

— Wazungu wakipumzika, wanapumzika kweli.

— Wewe mwisho wako mpakani Malaba, Ujerumani umeijulia wapi?

— Basi weka Japani.

Ruqaiya akaweka Japani. Kimya. Akaizima VPN kabisa: hata WhatsApp haikufunguka, na data alinunua asubuhi ile ile.

— Umeona! Data yenyewe imebaki Ujerumani. Imevuka mpaka, sasa hawaiachii. Hapo mpaka uende ubalozini.

— Banange! Mtoto wangu anapiga magoti mbele ya watu, wewe unaniletea ubalozi! Mimi na digrii yangu nimeketi hapa nafundishwa upuuzi na muuza chaja! Afande, na wewe sema kitu.

Afande alikuwa anakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

— Mtandao ni mgumu, bwana, alisema.

Docus, muuza nguo wa jirani aliyekuja kununua chapati, akachungulia simu.

— Jana ilifanya kazi?

— Jana jioni niliona hadi mapambo.

— Tangu hapo nani mwingine ameishika?

Magid akatazama barabara. Ruqaiya akamtazama Magid. Kijiko cha Afande kikasimama.

— Mama Ruqaiya, alisema Afande, ulipokwenda kuswali uliniachia simu nikulindie.

— Ndiyo. Ulinde. Ukafanya nini?

— Nikaona VPN yako iko peke yake. Jela, lango halikai na askari mmoja. Nikaweka ya pili. Nikabonyeza pale panaposema bila huyo wa pili, kitu chochote kisipite.

— Na huyo wa pili yuko wapi, Afande?

Geresom akaweka kikombe chini.

— Hakuingia kazini. Alitaka imeili, na mimi sina imeili.