Bi Shemsa Sheha Mcha, Aliyelikalia Begi Lake

Ndugu, jamaa na majirani mliobaki nasi hapa Kikwajuni baada ya hitima, familia inakuombeni utulivu kidogo, tumsome Bi Shemsa tangu alivyokuja mpaka alivyotuaga.

Marehemu Shemsa Sheha Mcha alizaliwa hapa hapa Kikwajuni tarehe 3 Machi 1945, mtoto wa pili wa Mzee Sheha Mcha, fundi seremala, na Bi Mwanapili Ame wa Mangapwani, akasoma Kurani kwa Bi Kidawa, akaingia skuli mwaka 1953 na kumaliza darasa la nane mwaka 1960, kisha akajifunza cherehani, na tangu mwaka 1962 alishona nguo za watu Mkunazini, huku akiimba mpaka wenzake wakimwambia, "Shemsa, shona bwana, harusi bado!"

Mwaka 1969 aliingia kikundi cha michezo ya kuigiza cha vijana wa mtaani, na hapo kiongozi wao, Mwalimu Mkubwa, akaleta mchezo wa nyimbo kutoka Amerika alioufasiri mwenyewe, habari za hoteli ambayo Wazungu wanacheza dansi ukumbini na weusi wanapika na kuimba jikoni, nyimbo tamu zote za jikoni lakini harusi zote za ukumbini, na yumo msichana mmoja, mama yake mpishi mweusi na baba yake Mzungu mwenye hoteli, amechumbiwa na mgeni wa ukumbini, na asili yake ikijulikana anashika begi lake, anatoka kwa mlango wa nyuma akiimba, na mchezo unaendelea kama kwamba hakuwapo.

Shemsa alipewa awe huyo msichana. Wazungu wa mchezo walipakwa liwa usoni, ule msandali wa kusingia bibi harusi, maana rangi nyengine haikupatikana, wa jikoni wakaambiwa wajipake masizi, Shemsa akacheka, "Mwalimu, masizi ya nini, kwani sisi tumefifia?", na alipoambiwa yeye apake liwa nusu ya uso, akauliza, "Na nusu yangu nyengine nimwachie nani?", akapanda jukwaani na uso wake ule ule.

Waliomjua walijua kwamba hachezi tu, maana wakati ule Muhiddin, fundi saa wa Malindi, alikuwa ameshaleta posa, na Mzee Sheha ameikataa kwa kuwa baba yake Muhiddin ni Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, akisema, "Baada ya Mapinduzi na yote yaliyopita, watu watasemaje?"

Jumamosi tarehe 16 Agosti 1969 ukumbi ulijaa, Mzee Sheha amekaa mstari wa mbele, harufu ya liwa imeenea mpaka akina mama wanapiga vigelegele kama walioletewa bibi harusi, na ulipofika wakati wa kutoka, Shemsa alilifikisha begi mlangoni, akaliweka chini, akalikalia, akasema maneno ambayo Mwalimu hakuyaandika, "Mimi siendi, jikoni kwetu na ukumbini kwetu, nitoke niende wapi?", Mwalimu akampungia mkono nyuma ya pazia, "Toka, Shemsa, toka!", na bi mmoja akapaza sauti, "Mwacheni akae, si ndiye bibi harusi!", vigelegele vikazidi, na mchezo ukaishia hapo.

Mzee Sheha hakupiga makofi, alinyanyuka akaenda zake, lakini asubuhi, kikombe cha chai mkononi, alimwuliza mkewe, "Yule fundi saa, bado anakaa Malindi?"

Walifunga ndoa Ijumaa tarehe 6 Februari 1970, wakajaaliwa watoto wawili, Duni, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1971, na Mwanakheir, tarehe 19 Juni 1972, na katika miaka hiyo marehemu alisomesha watu wazima barazani kwake, na hata anayekusomeeni hapa, herufi ya kwanza aliiandika kwenye ubao wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1973 alianza kuugua figo, akalazwa mwezi wa Julai, na Jumanne tarehe 14 Agosti 1973, alfajiri, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa Mkunazini, wanakikundi, na majirani mliopika na kulea watoto.

Nguo zake za hospitali zilikuwa ndani ya begi lile lile la mchezo, Mzee Sheha ndiye aliyelibeba kurudi nalo nyumbani, na Muhiddin alipotaka kumpokea, mzee akasema, "Wacha, mwanangu, nimelizoea." Lipo chumbani kwa marehemu, na hakuna atakayelitoa.

Kaa kwa amani, Shemsa, ulale, Mungu akurehemu.