Siku Spika Nane za Itigi Ziliponyamaza

Pale Itigi, ukishuka stesheni ukaipa reli kisogo, hazipiti hatua mia mbili hujaliona benchi refu la mninga lililobanwa kati ya karakana ya redio ya Hezekia na meza ya kahawa ya Othmani. Asubuhi benchi hilo halikosi watu watatu. Yupo Calist, mstaafu wa reli aliyehangaika na breki za mabehewa miaka thelathini na moja, ndiyo maana mji mzima unamwita Breki. Yupo Leonidas, aliyekuwa mwalimu mkuu, anaitwa Hedi, na hajawahi kusema "sijui" mbele za watu. Na yupo Innocent wa bodaboda, anaitwa Satelaiti, kwa kuwa kila jambo la dunia hii kwake linaanzia angani. Hezekia mwenyewe huwa mlangoni kwake, bisibisi mkononi, sikio benchini.

Fahari ya Hezekia ilikuwa muziki wa mtaa. Alikuwa amefunga spika nane kuanzia mezani kwa Othmani, saluni kwa Hanifa, duka la dawa, mpaka kwenye mgahawa wa mwisho karibu na reli. Ndani ya spika zile hamkuwa na wimbo hata mmoja. Kila moja ilichota nyimbo hewani, kwa waifai, kutoka kwenye kompyuta moja kuukuu iliyokaa karakanani, na kompyuta ile Hezekia aliiita seva, kwa heshima, kama mtu anavyomtaja mkwewe. Humo alikuwa ameingiza nyimbo elfu nne, nyingi akizitoa kwenye kanda za watu.

Wimbo uliosubiriwa kuliko zote ulikuwa wa Loyce, mke wa Breki. Zamani Loyce aliongoza kwaya ya wake wa wafanyakazi wa reli, na kuna mtu aliwarekodi siku moja kanisani, kanda ikabaki kwa Breki. Miaka miwili iliyopita Loyce alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafunga, hakusema tena. Basi kila siku saa nne kamili Hezekia aliuweka wimbo ule, na Breki alikuwa akishusha kikombe, anafumba macho, na hakuna aliyemsemesha mpaka uishe.

Jumanne hiyo sauti ya Loyce ilipanda kama kawaida yake. Ilifika katikati ya neno, ikakatika.

Si spika ya Othmani peke yake. Zote nane, kwa mpigo. Mtaa ukawa kimya mpaka watu wakasikia vikombe. Hanifa alitoka saluni na kitana mkononi, muuza dawa akachungulia, na Breki akafumbua macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

– Umeme? akauliza Othmani.

– Umeme upo, feni ya Hanifa inazunguka, Satelaiti akajibu.

Hezekia hakungoja. Aliingia ndani, akaiinamia seva. Kioo kilikuwa cheusi. Akaizima, akaiwasha, akalaza sikio juu yake. Ka, ka, ka. Kimya. Ka, ka, ka. Fundi yeyote anaujua mlio huo. Ni hadi diski, ile sahani ya kutunzia nyimbo, inayojikwaruza tumboni, na ikifika hapo hairudi. Akakaa kwenye ndoo, na kupitia ukuta wa mabati akawasikia wa nje wakiendelea.

– Hiyo ni satelaiti imepita vibaya, Satelaiti alikuwa akisema. Ikipita katikati ya jua na Itigi, waifai yote inavutwa juu.

– Waifai ya fundi haitoki angani, wewe. Inatoka kwenye kile kidude chenye antena mbili, alisema Othmani.

– Na kile kidude kinatoka wapi?

– Dukani.

– Na dukani?

– Ng'ambo huko.

– Umeona sasa! Waliokitengeneza wamezivuta nyimbo zetu. Saa hizi mtu anakunywa supu yake huko ng'ambo anamsikiliza mama Loyce.

Hedi akakohoa, kikohozi cha darasani.

– Tulieni niwaeleweshe. Sauti haifi. Wimbo ulikatika katikati, si ndiyo? Basi ile nusu ya pili imeshatoka kwenye kompyuta ila haijafika kwenye spika. Ipo hapa hapa, inaelea. Tukikaa kimya wote, upepo ukitulia, spika zitaimalizia.

– Mwalimu mkuu unasema kweli? akauliza Othmani.

– Ni sayansi.

Wakakaa kimya kweli. Hezekia, kule ndani, alisikia ukimya wa watu wazima wanne wanaongoja nusu ya wimbo itue kutoka hewani, akatamani kucheka, akashindwa. Maana alikuwa anakumbuka jambo jingine. Mwezi wa sita alikuwa amesafisha karakana. Magunia matatu ya kanda aliyabeba mpaka nyuma ya choo, akayatia moto, kwa sababu kila kitu kimeshaingia kwenye seva na panya walikuwa wanazalia humo. Kanda ya Loyce ilikuwa kwenye gunia la pili.

Akatoka. Walipomwona uso, Satelaiti akanyanyuka na kumwachia nafasi benchini. Hezekia hakukaa.

– Imekufa, alisema.

– Nini imekufa?

– Seva. Diski yake. Nyimbo zote.

– Zote elfu nne? Othmani alishika birika akalisahau mkononi.

– Zote.

– Spika si nzima? akauliza Hedi. Zote nane nzima! Zicheze nyimbo zilizo nazo.

– Hazina kitu, Mwalimu. Hazikuwahi kuwa nacho. Zinaomba kwa seva. Seva ikinyamaza, zile ni makopo.

Hedi alimtazama kama mtu aliyeambiwa shule yake haikuwa na wanafunzi.

– Yaani miaka miwili nasikiliza kopo?

– Lakini mpango wenyewe ni sahihi, Hezekia alijitetea, na yeye mwenyewe aliisikia sauti yake ikiwa nyembamba. Nyimbo zinakaa mahali pamoja, unazipanga vizuri, ukiongeza moja spika zote zinaipata. Ukiweka nyimbo ndani ya kila spika, hiyo si vurugu? Duka moja lina hii, saluni ina ile.

– Fundi yuko sawa, Hedi alidakia. Darasa lina ubao mmoja. Huwezi kumpa kila mtoto ubao wake.

– Kila mtoto ana daftari lake, Mwalimu, alisema Othmani. Ubao ukifutwa, daftari linabaki.

Hedi akageukia kahawa yake.

Sasa Breki aliweka kikombe chake chini, polepole, na alipozungumza hakupaza sauti.

– Mimi sijui kompyuta. Najua behewa. Behewa lina breki yake na lina hewa yake ndani ya tangi lake. Injini ikichomoka huko mbele, behewa halisubiri amri, linajishika lenyewe papo hapo. Waliotengeneza walijua kuna siku injini haitakuwepo. Wewe Hezekia ulijua?

– Kaka...

– Nilikuomba. Mwaka jana, kabla ya mvua, nilikuja hapo mlangoni kwako. Nilisema, fundi, nitafutie kaspika kenye nyimbo ndani yake, kasikotegemea hayo mambo yako, nikapeleke nyumbani. Ulinijibuje?

Hezekia aliangalia chini. Alikuwa anakumbuka kila neno. Alikuwa amemwambia kwamba vile ni vitu vya kizamani, kwamba angoje kidogo, atanunua antena kubwa, mawimbi ya seva yavuke reli mpaka kwake. Antena hakuinunua. Na kispika chenyewe, cha kuchomeka flashi, kilikuwa kimekaa kwenye rafu yake siku hiyo hiyo. Alikikataa kwa sababu kilimharibia mpango.

– Nilisema ungoje, alijibu.

– Nikangoja. Basi nipe kanda yangu. Nitaazima redio kaseti niende nayo.

Hapo ndipo mshtuko wenyewe ulipo, maana Hezekia ilibidi aseme. Akasema. Magunia matatu, nyuma ya choo, mwezi wa sita. Aliyasema yote bila kujipamba. Satelaiti alijishika kichwa kwa mikono miwili. Othmani akasema "Haki ya Mungu" mara moja tu. Breki hakutukana wala hakusimama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, anaufungua na kuufumba, kama anayehakikisha kwamba bado unafanya kazi.

Wakati huo wote palikuwa na mwanamke amekaa pembeni juu ya dumu la asali, mengine mawili miguuni pake, akinywa kahawa na kungoja gari la Manyoni. Alikuwa amewaamkia "shikamooni" alipofika, wakamwitikia "marahaba" bila kumtazama, akamwambia Othmani kwamba anaitwa Yunisi. Sasa alisogea kidogo.

– Samahanini, baba zangu. Huyo mama aliyeimba ni marehemu?

– Yu hai, alisema Othmani. Ni mke wa mzee huyu. Anaumwa, hasemi. Yuko nyumbani, ng'ambo ya reli hapo.

– Aa. Na nyie mnausikiliza hapa kila siku?

– Kila siku, saa nne, kwa miaka miwili, alijibu Hedi, kwa fahari kidogo.

– Na yeye mwenyewe, toka augue, ameshausikia?

Othmani alimtazama Hedi. Hedi, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, hakuwa na la kusema. Satelaiti alifungua mdomo, na angani hapakuwa na kitu cha kumsaidia. Miaka miwili. Mtu mmoja tu angebeba simu, akanasa wimbo ule kutoka kwenye spika, akavuka reli nao. Dakika kumi kwa miguu. Bodaboda ilikuwepo. Simu zilikuwepo, kila mtu na yake. Kila mmoja alikuwa amekaa hapa akimwonea huruma Loyce, huku anakunywa kahawa kwa sauti yake.

Breki alisimama. Alivaa kofia yake, akaanza kutembea kuelekea relini. Hezekia alibaki amesimama kidogo, kisha akamfuata bila kuufunga mlango wa karakana, na Breki hakumkataza wala hakugeuka.

Loyce alikuwa nje, kwenye kiti cha plastiki chini ya upenu, mkono wa kulia mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Alikuwa amekonda kuliko Hezekia alivyodhani. Hezekia akaona aibu mpya: katika miaka miwili ya kuuweka wimbo wake saa nne, hakuwahi kuja kumwona.

– Shikamoo shemeji.

Loyce aliinua kidevu. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Breki alichuchumaa mbele yake.

– Mama, wimbo wako umepotea.

Macho ya Loyce yakauliza: wimbo gani? Na Hezekia akaona jinsi Breki alivyopata taabu, maana kwanza alilazimika kumweleza mkewe kwamba ulikuwepo.

– Ule wa kuvuka. Tuliuweka kwenye mashine, tukawa tunausikiliza pale kijiweni. Sikukuletea. Nilisema nitakuletea.

Basi Breki, kwa kukosa kingine cha kumpa, akaanza kuuimba mwenyewe. Sauti yake ilikuwa mbovu, ya mtu aliyezoea kupiga kelele kati ya mabehewa.

– Njoo tuvuke pamoja, maji hayajajaa, mkono wako nipe, mzigo tutagawana...

Loyce alikunja uso. Akatikisa kichwa. Breki akarudia, akakosea pale pale, "mzigo tutagawana", na Loyce akatikisa kichwa kwa hasira, mkono wa kushoto ukapiga goti. Mdomo wake ulijipinda upande mmoja. Hezekia alidhani anazidiwa, akapiga hatua kumshika.

– ...ni-ta-beba mimi, aliimba Loyce.

Haikuwa ile sauti ya kanisani. Ilikuwa kavu, yenye mikwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Lakini maneno yalikuwa maneno, kila moja zima, na yalikaa kwenye noti yake. Aliyafuatisha na mstari uliofuata, ule ambao hakuna mtu kijiweni aliyewahi kuushika vizuri. Kisha akajaribu kusema, kusema tu bila kuimba, na ikatoka ile ile "mm, mm" ya miaka miwili. Alishangaa mwenyewe. Akaligusa koo lake.

Hezekia alisahau kwamba ana simu mfukoni. Alichoweza kufanya ni kushika nguzo ya upenu.

Breki alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye vumbi, kofia imemdondoka. Loyce akapiga goti lake kwa mkono mzima, pa, pa, pa, kama alivyokuwa akiwahesabia kwaya, akimtaka mumewe aanze upya, na safari hii asikosee.