Risala ya Wachoraji wa Chumba cha Kaskazini Kuhusu Kuhesabiwa Mibofyo

Mgeni rasmi, Bw. Curtis Haugland, Makamu wa Rais wa kampuni yetu, Meneja wa tawi la Duluth, wafanyakazi wenzetu:

KARIBU

Sisi wachoraji kumi na mmoja wa ramani za majengo, wa Chumba cha Kaskazini, tunakushukuru kwa kuendesha gari kutoka Minneapolis katika theluji hii ya Machi. Tumeambiwa umekuja kututembelea tu. Tumeambiwa pia kwamba mkobani mwako mna orodha ya watakaopunguzwa kazi Ijumaa, na kwamba ina jina moja, la Bi. Marlys Engstrom. Tunaomba utusikilize kabla hujaufungua mkoba. Supu ya mchele pori iko tayari, ila haitapakuliwa hadi risala iishe.

HISTORIA

Chumba hiki kilianza na meza za mbao na kalamu za wino. Kompyuta zilipoingia, aliyetufundisha kuzitumia ni huyo huyo Bi. Marlys wa meza ya dirishani. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: usikimbilie kubofya. Kila kitu kilichomo mchoroni kina sifa zake: aina, tabaka kilimo (mchoro hupangwa kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizolaliana), rangi, ukubwa. Itajie programu sifa unazozitaka, nayo itakukusanyia vitu vyote vyenye sifa hizo kwa mara moja, viwe vitano au elfu tano. Somo la pili: sifa moja haitoshi.

Umuhimu wa somo la pili tuliujua miaka kumi na tisa iliyopita, tulipokuwa tunachora uwanja wa hoki ya barafu, ule wa ndani wenye paa. Kijana mmoja, mgeni kazini, aliambiwa afute matundu ya bolti yasiyohitajika tena. Matundu ya bolti huchorwa kwa maduara. Kijana akaiagiza programu ichague maduara yote, akafuta, akahifadhi, akautuma mchoro kwa mchapaji, kisha akaja dirishani akitabasamu.

"Bi. Marlys, nimemaliza. Dakika mbili tu!"

"Umemaliza nini, baba?"

"Maduara. Halijabaki hata moja."

"Na nguzo je?"

"Nguzo zipi tena?"

"Zile sitini na nne za chuma, za mviringo. Sasa paa utalishikilia wewe peke yako, au tumwite na mama yako asaidie?"

Bi. Marlys alimpigia mchapaji simu asimamishe kazi. Akafungua nakala ya mchoro ya siku iliyotangulia, akaomba maduara, lakini yale tu yaliyo kwenye tabaka la nguzo na yenye kipenyo cha inchi kumi na sita. Yakaja sitini na nne kamili. Akayarudisha mahali pake. Kwenye daftari la makosa aliandika maneno matatu: "Hitilafu ya mashine." Kijana alikunywa maji glasi tatu mfululizo.

Jina la kijana hatulitaji, kwa heshima ya hafla hii. Bw. Darrell Beaulieu alikuwa meza ya jirani siku hiyo, na kumbukumbu yake ni nzuri kuliko michoro yake. Itoshe kusema kwamba kijana alipanda vyeo haraka, na leo ana gari zuri sana.

MAFANIKIO

Tarehe 4 mwezi huu, msanifu wa hospitali tunayoichora alibadili mawazo. Alitaka milango ya vyumba vya wagonjwa iongezwe upana kwa inchi mbili, na mingine yote ibaki ilivyo. Jengo la magharibi, alilopewa Bi. Marlys, lina milango 1,140. Alichagua kwa aina, akachuja kwa tabaka, akachuja tena kwa upana. Ikabaki 412, akaibadili yote pamoja. Alitumia mibofyo tisa na dakika sita, nne kati ya hizo zikiwa za kuhakiki. Tumeirudia hesabu hiyo mara mbili na ni sahihi. Kisha akageuka kutazama ziwa, kama afanyavyo anapofikiria kazi inayofuata.

CHANGAMOTO

Februari, ofisi yako iliweka katika kila kompyuta kihesabu cha mibofyo ya kipanya, ili ijulikane nani anafanya kazi. Tunakiri kwamba mibofyo imeongezeka. Bw. Beaulieu alikuwa akibofya mara elfu mbili kwa siku. Sasa anafika elfu tisa. Jengo la mashariki la hospitali hiyo hiyo, ambalo ni dogo, alilifanya mlango mmoja mmoja kwa siku mbili, akasahau milango kumi na saba. Alitangazwa mfanyakazi bora wa mwezi na kupewa nafasi ya kuegesha gari iliyo karibu na mlango, ile isiyofukiwa na theluji. Ameomba tuseme kwamba anaona aibu. Ameomba pia tuseme kwamba nafasi yenyewe ni nzuri mno.

Tumegundua vilevile kwamba ukibofya sehemu tupu ya mchoro, nayo inahesabiwa. Yupo mwenzetu anayebofya huku akizungumza na mkewe kwa simu.

"Mbona nasikia tik, tik, tik?" mke aliuliza juzi.

"Nachapa kazi, mpenzi."

"Tangu lini wewe?"

Bi. Marlys ana wastani wa mibofyo mia tatu kwa siku. Ripoti ikaliandika jina lake kwa rangi nyekundu. Tulimsihi abofye ovyo kama sisi, walau hadi Ijumaa ipite.

"Yaani nikafundishwe kazi na Darrell?" akajibu. "Uzeeni huku?"

MAOMBI

Hatukuombi huruma, na Bi. Marlys amekataa kutia sahihi risala hii. Yuko pale dirishani, anajifanya anatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

Tunaomba orodha ichujwe upya. Hii iliyopo imechujwa kwa sifa moja, uchache wa mibofyo, na humu ndani wapo wanaojua kinachofutika mtu anapochagua kwa sifa moja. Iongezwe idadi ya michoro iliyokamilika, na idadi ya makosa yaliyorudi kutoka kwa mafundi. Sisi tumejaribu. Jina la Bi. Marlys lilitoka na la Bw. Beaulieu likaingia. Bw. Beaulieu ameomba sifa ya tatu, na bado tunamtafutia. Ikikupendeza, kihesabu kiondolewe, na Ijumaa ipite bila orodha yoyote.

Kwa udadisi tulijaribu sifa moja zaidi. Tuliuliza: katika tawi hili, nani aliandika "Hitilafu ya mashine", na kwa miaka kumi na tisa hajamwambia mtu mashine hiyo ilikuwa nani? Likaja jina moja. Ni lile lile lililo mkobani mwako.

Mungu akupe afya, busara, na barabara iliyoondolewa theluji hadi nyumbani kwako. Sasa supu inaweza kupakuliwa.

Ni sisi,
Wachoraji wa Chumba cha Kaskazini, Duluth

Imesomwa na Renae Tuominen. Imechapwa na Bw. D. Beaulieu, kwa mibofyo 11,602.