Msilipige Paa la Nyumba Yangu

Sogeeni wanangu, lakini mniachie nafasi ya hewa, maana pumzi yangu imekuwa fupi na sitaki iniishie kabla sijamaliza niliyowaitia. Willis, kifungua mimba wangu, kaa hapa karibu na kichwa. Risper, mama, kaa pale nikuone uso. Paul, wewe simama ukitaka, tangu utotoni hujui kutulia. Nitasema Kiswahili, niache Dholuo leo, ili Bhoke mke wa Willis, binti wa Wakuria wa Isebania, ayasikie yote kutoka kinywani mwangu, asitafsiriwe nusu nusu na watu wenye haraka, kwa sababu haya yanawahusu watoto wake kuliko mtu yeyote aliyemo humu. Msinikatize. Ninaogopa, wanangu, na ninyi mnajua mimi si mtu wa kusema hivyo.

Kufa kwenyewe nimekwisha kukuzoea, nimezika wengi. Kinachoninyima raha ni matanga yangu, yale mtakayonifanyia kwa mapenzi mema. Nitafika huko. Kwanza tuyamalize ya mali, msije mkagombana juu ya maiti.

Shamba la chini, la kandokando ya mto, ni la Willis. La juu, lenye mikalatusi, ni la Paul, na hiyo mikalatusi asiikate yote kwa mara moja kama alivyokata ile ya kwanza. Ng'ombe niliowanunua Ogwedhi gawaneni, dume jeusi likae zizini mpaka nizikwe. Chumba cha biashara pale sokoni Ndhiwa ni cha Risper. Najua ndugu zangu watasema binti aliyeolewa hapewi kitu kwa babake. Waambieni mimi nimempa, na mwenye neno angekuja kulisema nikiwa na nguvu ya kumjibu.

Sasa inueni macho mtazame juu. Paa hili mnalijua, mmezaliwa chini yake. Nilipokuwa kijana, hata kabla ya kumwoa mama yenu Zilpah, nilianza kazi, nikaendelea nayo hata baada ya kumwoa, kwa fundi aliyeezeka maghala ya kiwanda kimoja cha pamba upande wa Homa Bay. Mabati yalikuja kwa malori, ya kijivu, mazito, magumu kama simiti, na sisi tukayaita hivyo, mabati ya simiti. Mimi na rafiki yangu Okemwa, Mkisii mmoja mcheshi sana, ndio tuliokuwa tukiyakata kwa msumeno. Tulikuwa tukitoka pale jioni weupe tangu nywele hadi kope, watu wanatuuliza tumetoka kusaga unga wa nani, nasi tunacheka. Hakuna aliyetuambia tufunge hata kitambaa puani. Kiwanda kilipofungwa, wenyewe wakaturuhusu tubebe mabati yaliyosalia, nami nikaezeka nyumba hii. Watu walikuja kuitazama. Haishiki kutu, mvua haipigi kelele, mchana wa jua kali ndani kuna baridi. Mama yenu aliringa nayo mpaka wanawake wenzake wakachoka naye.

Okemwa alianza kuhema miaka mingi baadaye, wakati tulishasahau kama tuliwahi kushika msumeno. Mtu aliyekuwa akicheza mpira akawa hawezi kupanda kilima cha kwake bila kukaa chini mara mbili tatu. Akafa. Halafu akafuata Zilpah, ambaye hakuwahi kukata hata bati moja. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa hapa. Kwamba amevunja mwiko, kwamba mke wa marehemu kaka yangu James amemtilia kitu kwenye chakula. Risper, wewe humsalimu mama yako mkubwa tangu siku ile. Leo hilo liishe. Huyo mama hakumfanyia Zilpah kitu chochote.

Nililijua hilo kifua changu kilipoanza, nikaenda hospitali ya misheni. Daktari aliinua picha ya kifua changu dirishani akaitazama kwa muda mrefu. Hakuniuliza habari za sigara. Aliniuliza nilifanya kazi gani ujanani, nikamweleza. Kisha akauliza, nguo zako za kazi zilifuliwa na nani? Nikamwambia, mke wangu. Akaweka picha chini, na hapo nikamwona Zilpah kwenye kamba ya nguo, analikung'uta shati langu kwa mikono miwili kabla ya kulitia majini, vumbi linaruka usoni kwake, anapiga chafya, ananitukana kwa mzaha. Nililia pale mbele ya yule kijana wa watu. Ndiye aliyenitajia jina la kitu hiki. Kinaitwa asbesto.

Bhoke, sikiliza hapa. Daktari alisema bati la asbesto likiwa zima, halijapasuka, halikwaruzwi, limekaa tu mahali pake, hatari yake ni ndogo. Ubaya unatoka likivunjwa, likikatwa, likipigwa, au likioza lenyewe kwa uzee. Hapo linatoa nyuzi nyembamba usizoziona kwa macho, unazivuta na hewa, na zikishaingia hazitoki. Hukohoi leo wala kesho. Zinakaa humo miaka ishirini, thelathini, wewe unalima, unazaa, unaona uko mzima, halafu siku moja kilima kinakuwa kirefu. Hakuna dawa. Tangu niliposikia hivyo, kuku akirukia tu juu ya paa moyo wangu unaruka naye. Nawaona wajukuu wangu wakichora chini kwa vipande vilivyomeguka pale ukingoni, nawafukuza kwa ukali, nanyi mkadhani mzee amekuwa na kisirani.

Sasa matanga. Willis, unayakumbuka mazishi ya kaka yangu James, sote tunayakumbuka. Ilipofika siku ya tero buru, ninyi vijana mliwaswaga ng'ombe mpaka mpakani mkaenda kukifukuza kifo, mkarudi mkiimba, mmejifunga majani, na mkaivamia nyumba ya marehemu kwa marungu na mikuki kama desturi ilivyo. Wewe ulikuwa wa mbele. Ulilichoma paa la ami yako mpaka mkuki ukabaki ndani, halafu ukapanda kuvunja kile kijiti kinachosimama nchani mwa paa ili kila apitaye ajue mwenye nyumba hayupo tena. Wazee walikusifu, na mimi nilikusifu. Lile lilikuwa paa la nyasi.

Juzi nilikusikia hapo uani ukiwaambia wenzako kwamba ya baba yako itakuwa kubwa kuliko ile, kwamba hilo paa la mzee litapigwa mpaka lisikike Isebania. Ulisema kwa mapenzi, mwanangu, nami usiku ule sikulala. Naona marungu yakitua juu ya mabati haya. Naona yanapasuka, vumbi linashuka kwenye masufuria, kwenye macho, kwenye vinywa vilivyoachama kwa kuimba na kulia. Naona mji mzima umesimama chini yake, na Bhoke ana mtoto mgongoni. Watakula, wataniaga, watarudi makwao Ndhiwa na Uriri na kwingine, na hakuna hata mmoja atakayekohoa. Nitawaua baada ya miaka thelathini, nikiwa nimeshasahaulika, na watasema ni mwiko, watasema ni mke wa fulani.

Nipe maji, Risper.

Hata mkiacha kulipiga, bado. Mnajua nyumba ya baba aliyekufa haikarabatiwi na mtoto. Inaachwa ianguke yenyewe, panabaki gofu, watoto wanacheza humo kujificha. Hii nayo ikianguka yenyewe, upepo na mvua vikaipasua bati kwa bati, itakuwa inawamwagia sumu kila msimu wa jua. Na Paul, usijifanye unatazama nje. Nimekuona ukipima kwa macho utakavyoyakata haya mabati kwa msumeno ujenge banda la kuku. Mogaka naye, yule mnunuzi wa vifaa vikuukuu, amekwisha kuja na lori lake kuuliza kama familia itayauza, na mimi bado napumua. Asipewe hata kipande. Ukimpa, utakuwa umehamisha kifo kwenda kwa watoto wa mtu mwingine.

Nilirudi kwa yule daktari kumuuliza yafanyweje, na haya ndiyo aliyonifundisha. Nendeni kwanza kwa afisa wa afya Homa Bay, mwambieni neno hilo, asbesto, aje au atume mtu anayejua. Akiwazungusha, rudini tena, msichoke mkaamua kufanya kienyeji. Siku ya kazi watoto na kuku na mbuzi wawe mbali, na Bhoke asikaribie maadamu ananyonyesha. Mabati yalowanishwe kwa maji mpaka yawe chepechepe, yaendelee kulowanishwa, maana vumbi likilowa haliruki. Fungueni parafujo moja moja, bati lishuke zima likipokewa kwa mikono, lisitupwe. Yakatwe? Hapana. Yasuguliwe kuvu kwa brashi ya waya? Hapana, Paul. Wanaofanya kazi wafunge pua kwa barakoa za kweli zile alizonionyesha daktari, kitambaa cha leso hakitoshi, na nguo zao wazivue palepale, zifungwe, zizikwe pamoja na mabati. Zisije kwenye beseni la mwanamke yeyote wa mji huu. Mabati yafungwe kwa nailoni nene, yazikwe kwenye shimo refu pale afisa atakapoonyesha, mbali na mto, na pawekwe mawe, na watoto wenu waambiwe, na watoto wao waambiwe, pasichimbwe. Sakafu msifagie kikavu. Futeni kwa matambara yaliyolowa, nayo yaingie shimoni.

Najua unachofikiri, Willis. Umeuma meno. Unafikiri watu watasema Nashon amezikwa kama mgeni, hakupigiwa paa, na wanawe wameiezua nyumba ya baba yao kabla kaburi halijakauka. Mimi nilizaliwa katika desturi hizi na sitaki kuwaacha mikono mitupu mbele ya wazee. Ndiyo maana nikamwambia Paul anijengee kile kibanda cha nyasi kando ya zizi. Mliniuliza ni cha nani, nikanyamaza, mkadhani akili inaniacha. Mti wa kwanza niliushika kwa mkono wangu mwenyewe, nikauchimbia kama desturi inavyomtaka mwenye nyumba, Paul ni shahidi, alinishikilia kiunoni nisianguke. Na kule juu nikaagiza kiwekwe kijiti cha nchani, kama ilivyokuwa nyumba ya baba yangu.

Ile ndiyo nyumba yangu. Leo ninahama. Mtu akihama akiwa hai, nyumba aliyoiacha haina maiti, haidai tero buru, wala haidai kuachwa iwe gofu. Ni ghala tu, na mwenye ghala amesema liezuliwe. Wazee wakiuliza, waambieni nilisema hivi nikiwa na akili zangu, mbele ya wanangu watatu na mkaza mwanangu. Mwili wangu usirudishwe humu. Waombolezaji wasikae kwenye kivuli chake.

Na lile paa la nyasi, Willis... lile nimelijenga kwa ajili yako. Siku hiyo lipige. Lichome mpaka mkuki ubaki ndani, panda ukavunje kile kijiti, liangushe lote ukipenda. Wapige wote, waimbe wamefungua vinywa. Nyasi hazitawafanya kitu. Usilie sasa, baba. Ngoja siku yake.

Leteni mikono. Wote. Na wewe Bhoke, wewe ni wangu pia. Nataka kuwatemea mate niwabariki kama baba yangu alivyonibariki, lakini... mdomo umekauka. Nipe hayo maji. Ndiyo. Pokeeni. Mzae, mlime, mpatane. Mungu awape vifua vizima. Mfike uzee mkipanda kilima... mkizungumza njiani, bila kusimama.

Basi. Paul, tandika kule. Bhoke, watangulize watoto nje. Willis, niinue... polepole. Nimekuwa mwepesi, eh? Usiegemee ukuta. Hivyo. Inama pale mlangoni.

Risper, mama... ufunge huo mlango. Usiubamize.