Sauti Iliyomwita Mama wa Mwanamisi

Marehemu Tobia Shekiondo alizaliwa hapa Mlalo tarehe 12 Machi 1934, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwalimu wake alimpenda na kumchapa kwa sababu ile ile: aliiga sauti ya kila mtu, hata ya mke wa mwalimu.

Mwaka 1957 aliajiriwa Lushoto kwenye gari la sinema lililozunguka vijijini, atafsiri kwa kipaza sauti. Desemba 1962 walituletea sinema ya Ulaya, ya zile za mwanzo kutoa sauti: msichana kachukuliwa na mzimu wa mlima, kafungiwa ndani ya mwamba. Sauti yenyewe ilikuwa mikwaruzo mitupu. Tobia akaizima, akasema yeye, kwa Kishambaa. Msichana hakuwa na jina, akampa la kwanza lililomjia mdomoni: “Mama, ni mie Mwanamisi. Nifungulie.”

Masikini, hakujua. Bi Salma wa kule bondeni alikuwa amefiwa na binti yake Mwanamisi mwezi uliotangulia. Aliitika katikati ya watu, “Naja, mwanangu,” akaenda mpaka kwenye kile kitambaa cheupe, akakishika.

Tangu hapo, kila siku ya gulio, alibisha hodi kwa Tobia.

“Sijarukwa na akili, mwanangu. Najua ni wewe. Niitie tu.”

Naye aliita, kwa sauti ile ya Mwanamisi. Dada yangu Dorkasi, aliyefunga naye ndoa mwaka 1963, hakuivumilia sauti ile nyumbani mwake. Kila mara alichukua ndoo akaenda mtoni. Baada ya Azimio la Arusha gari lilileta sinema za kilimo cha ujamaa tu, lakini Bi Salma hakuwa na haja ya sinema. Mwaka 1968 Tobia alipata uhamisho wa Dar es Salaam. Alifunga mizigo, akaifungua.

“Nikiondoka, shemeji, nitakuwa nimemfisha yule binti mara ya pili.”

Nilimwona mjinga. Alikuwa amenaswa, na alichoka. Siku nyingine alilia kwanza ndipo afungue mlango.

Mwaka jana koo lilianza kuvimba. Kufikia Pasaka ya mwaka huu sauti ilikwisha kabisa. Bi Salma alikuja vile vile, akakaa kitandani pake, hakuomba kitu. Tobia alifariki tarehe 9 Juni 1975.

Ameacha mjane, watoto watatu, na Bi Salma. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, mama huyo aliinama akaita, “Tobia.” Akangoja. Dorkasi ndiye aliyeitika: “Abee, mama.”

Apumzike kwa amani shemeji yangu. Gulio lijalo hatabishiwa hodi.